Kusoma haraka: kozi, programu ya simu, kuperuzi au kusoma kwa wingi?

Mwezi wa nne ukiingia, Dodoma hujaa karatasi. Bunge la Bajeti linaanza, ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinawasilishwa, randama za wizara, yaani vitabu vya maelezo ya bajeti, zinatoka zikiwa nene kama tofali, na maofisa wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wanarudi Ilazo na Kisasa jioni na kazi mkononi. Upande wa pili wa mji, Chimwaga na Ng'ong'ona, wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanahesabu wiki zilizobaki kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, huku madesa (notsi za kujisomea) mengine hayajafunguliwa hata ukurasa. Watu hawa hawafanani kazi wala umri, lakini swali lao ni moja: nifanyeje nisome haraka zaidi?

Majibu wanayopewa ni mengi, na mengine yanauzwa. Kuna kozi ya siku mbili inayoahidi maneno elfu moja kwa dakika. Kuna programu ya simu inayokumulikia neno moja moja. Kuna mbinu ya kufuata mstari kwa kalamu, kuna kuperuzi, yaani kupitia andiko harakaharaka ukichukua yaliyo muhimu, na kuna ushauri wa walimu wa zamani: soma sana. Nimeziweka njia hizi pamoja ili anayechagua ajue anapata nini na anapoteza nini. Msimamo wangu nausema mapema. Wengi wetu hatucheleweshwi na macho. Tunacheleweshwa na Kiingereza na ugeni wa mada, na njia isiyogusa mambo hayo mawili ni kutwanga maji kwenye kinu.

Pima kabla hujalipa

Chukua maandishi ambayo hujawahi kuyaona. Tega saa ya simu dakika 3, soma kama unavyosoma siku zote, kisha weka alama ulipofika. Hesabu maneno ya mistari 10, gawa kwa 10 upate wastani wa mstari, zidisha kwa mistari yote uliyosoma, gawa kwa 3. Hiyo ndiyo kasi yako kwa dakika. Halafu funika karatasi uandike kwa maneno yako mambo matano uliyoyakuta humo. Yasipotoka, ulichopima si kusoma, ni kupitisha macho juu ya karatasi.

Fanya hivyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ripoti za CAG zinafaa sana kwa jaribio hili kwa sababu ripoti kuu hutolewa kwa lugha zote mbili. Chukua sura mbili tofauti za ripoti ileile, moja kwa kila lugha. Ukirudia sura moja, mara ya pili utakuwa unajua kinachokuja, na saa itakudanganya.

Sasa namba za kujilinganisha. Mwaka 2019 Marc Brysbaert, mtafiti wa Ubelgiji, alikusanya tafiti 190 akapata kwamba mtu mzima anayesoma kimya Kiingereza kisicho cha hadithi huenda kwa wastani wa maneno 238 kwa dakika, na 260 kwa hadithi. Namba hizo usizichukue ukazivika Kiswahili. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo kwa habari ileile tunatumia maneno machache yaliyo marefu. Kifini nacho hubebesha neno mzigo mkubwa, na katika vipimo vya kusoma kwa sauti vilivyochapishwa mwaka 2012, ambako kila lugha ilipewa maandishi yenye maana ileile, wasomaji wa Kiingereza walipata wastani wa maneno 228 kwa dakika na wa Kifini 161. Hakuna anayesema Wafini ni wazito wa kusoma.

Hapo ndipo jaribio lako linapoanza kusema. Kwa kuwa maneno ya Kiingereza ni mafupi, kasi yako ya Kiingereza kwa hesabu ya maneno ilipaswa kuwa juu kuliko ya Kiswahili. Ikiwa iko sawa au iko chini, kinachokuchelewesha ni Kiingereza, na hakuna zoezi la macho litakalokutibu. Ikiwa lugha zote mbili zinakwenda vizuri na bado kazi haimaliziki, basi shida yako ni kuchagua cha kusoma, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Kozi dhidi ya kuperuzi

Hizi mbili nazilinganisha kwa urefu kwa sababu moja inauzwa na nyingine ni bure, na tofauti yake ni ndogo kuliko bei inavyoonyesha.

Kozi za kusoma haraka kama tunavyozijua zilipata jina kupitia Evelyn Wood, mwalimu wa Utah, Marekani, ambaye mwaka 1959 alianzisha mafunzo yake yaliyoenea nchi nzima. Wafanyakazi wa Rais Kennedy walifundishwa, na mwaka 1977 Rais Jimmy Carter naye alisoma kozi hiyo akiwa Ikulu. Misingi yake haijabadilika sana hadi leo, hata ukiikuta kwenye ukumbi wa hoteli hapa mjini: teremsha mkono juu ya ukurasa, usirudi nyuma, nyamazisha sauti inayosoma kichwani, chukua maneno kwa mafungu badala ya moja moja.

Jicho lenyewe halikubali ahadi hiyo. Tunaposoma, macho hayatelezi juu ya mstari. Yanaruka, yanatua kwa takriban robo sekunde, yanaruka tena, na kila yakitua yanaona kwa ukali herufi chache tu zilizo karibu na pale yalipotua. Kwa Kiingereza, msomaji mzoefu huweza kunusa herufi 14 au 15 upande wa kulia, lakini neno lenyewe hulitambua karibu zaidi ya hapo. Anayesema anameza aya nzima kwa mtazamo mmoja anazungumzia kitu ambacho jicho la binadamu halina. Na ile sauti ya kichwani wanayotaka uinyamazishe ni sehemu ya namna tunavyoelewa sentensi ngumu. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake walichapisha mapitio marefu ya tafiti za eneo hili, wakahitimisha kwamba kasi na uelewa huvutana: ukiongeza kimoja sana, kingine kinashuka.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Marcel Just, Patricia Carpenter na Michael Masson, la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliweka makundi matatu: waliohitimu kozi ya kusoma haraka, watu wasiosomea chochote walioambiwa waperuzi tu, na wasomaji wa kawaida. Waliohitimu kozi na waliokuwa wakiperuzi walikwenda kwa kasi inayokaribiana, mara mbili au zaidi ya wasomaji wa kawaida. Kwenye maandishi mepesi, wa kozi waliwazidi kidogo waperuzi katika kukamata kiini cha habari. Kwenye maandishi magumu na kwenye maelezo madogo madogo, hawakuwazidi chochote. Waliosoma kawaida waliwashinda wote kwa uelewa.

Kwa hiyo kozi, kwa sehemu kubwa, inakuuzia kuperuzi pamoja na cheti. Sisemi haina faida. Mtu aliyelipa pesa yake hukaa akafanya mazoezi, na hilo peke yake ni jambo. Lakini nikiona tangazo linaloahidi maneno 2,000 kwa dakika bila kupoteza uelewa, ninalipita.

Kuperuzi kwenyewe nako kuna wanaokudharau, wakidhani ni uvivu. Mtazame ofisa anayejua kazi. Saa 2 asubuhi anapewa ripoti ya ukaguzi, saa 8 mchana bosi anataka dokezo. Hafungui ukurasa wa kwanza. Anakwenda kwenye yaliyomo, anatafuta fungu la wizara yake na taasisi zilizo chini yake, anaandika namba za kurasa pembeni. Kama ni nakala ya kompyuta anaandika jina la taasisi kwenye sehemu ya kutafutia na kupita kila linapotokea. Kisha anasoma vichwa vya hoja, sentensi ya kwanza ya kila aya, na jedwali lililo chini yake, maana kwenye ripoti za fedha jedwali mara nyingi limebeba hoja yenyewe na aya zinalizunguka tu. Baada ya hapo anachagua hoja nne au tano ambazo Afisa Masuuli, anayewajibika kwa fedha za wizara, ataulizwa na kamati ya Bunge, na hizo anazisoma polepole, neno kwa neno, pamoja na majibu ya menejimenti na mapendekezo ya mkaguzi. Kurasa nyingine mia mbili hazigusi. "Mkuu, nimeisoma," atasema, na hatakuwa amedanganya.

Majaribio ya watu waliobanwa na muda yanamuunga mkono: anayeperuzi andiko zima hukumbuka mambo muhimu kuliko anayesoma kwa utulivu akaishia nusu.

Ila kuna karatasi ambazo ukiperuzi umejichimbia. Mkataba wa pango, sheria, kanuni, waraka wa utumishi, swali la mtihani. Kwenye sheria uzito umekaa kwenye "isipokuwa" na "bila kuathiri", maneno ambayo jicho linalokimbia huyaruka kwanza. Na Kiswahili kina mtego wake: ukanushi hujificha tumboni mwa neno. "Walipwe" na "wasilipwe" zinatenganishwa na silabi moja, na ukiikosa hiyo umeandika dokezo linalosema kinyume cha barua.

Programu za simu

Mwaka 2014 programu ya Spritz ilizua gumzo kwa kuonyesha neno moja moja mahali palepale kwenye kioo, ili jicho lisihangaike kuruka. Tangu hapo zimetoka nyingi za aina hiyo, na za bure zipo. Wazo linavutia, lakini lina kasoro mbili. Ya kwanza, msomaji wa kawaida hurudi nyuma. Kiasi cha mruko mmoja kati ya kumi hivi huelekea tulikotoka, kurekebisha tulipoelewa vibaya. Programu inakunyima hilo. Watafiti walipowazuia watu wasirudi nyuma, uelewa ulishuka. Ya pili, macho hayapumziki. Utafiti wa mwaka 2015 kuhusu Spritz ulikuta watu wakipepesa kidogo na kuchoka macho zaidi, na kwa upepo na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane sihitaji kitu kingine cha kunikausha macho.

Bionic Reading, iliyovuma mwaka 2022, ni kitu tofauti: inakoleza wino wa herufi za mwanzo za kila neno ili jicho lishike hapo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2024 halikuona faida yoyote ya kasi. Kwa Kiswahili ningeiogopa zaidi, kwa sababu mwanzo wa maneno yetu ya vitenzi ni viambishi. Utakuwa unakoleziwa "wana", "wana", "ali", "ali" ukurasa mzima, na mzizi uliobeba maana umekaa katikati bila alama.

Nani atumie programu basi? Anayesoma habari fupi kwenye kioo kidogo cha simu, akiwa kwenye foleni ya benki. Kwa notsi za darasani, hapana.

Kidole na kalamu

Hii haina maneno mengi. Kufuata mstari kwa kalamu hakukuongezei uwezo wa kuona, ila kunazuia akili isitoroke, hasa saa 11 jioni unaposoma mstari mmoja mara tatu. Ni bure, inafanya kazi kwenye karatasi, na haikuzuii kurudi nyuma inapobidi. Ukilinganisha na programu ya simu, nachukua kalamu.

Kusoma kwa wingi

Njia hii ndiyo inayochelewa kuliko zote, na kwa mwanafunzi ndiyo ninayoitetea.

Sisi tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Wengi wamefika chuo kwa Kiingereza cha notsi: maana za kukariri, pointi tano, mifano miwili. Kitabu kizima cha Kiingereza hawajawahi kukimaliza. Sasa mhadhiri anatoa sura ya kurasa 40 isomwe kabla ya Jumatatu.

Tazama ukurasa mmoja wa sura hiyo kwa penseli. Una maneno 300 hivi. Tafiti za kujifunza lugha, hasa za Paul Nation wa New Zealand na wenzake, zinaonyesha kwamba ili usome kwa raha bila kamusi unahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno. Kwenye ukurasa huu hiyo ni maneno mageni 6. Pigia mstari usiyoyajua uone. Ukikuta 30, unajua asilimia 90, na asilimia 90 inasikika kubwa kama alama ya mtihani lakini maana yake ni kwamba karibu kila mstari una kigingi. Unasimama, unakisia, unarudi, unasahau sentensi ilikoanzia. Hapo hata ukipewa mwalimu bora wa kozi ya macho, atakufundisha kufika haraka kwenye neno usilolijua.

Dawa ni kushuka kabla ya kupanda. Kama mada ni uchumi na sura ya chuo inakushinda, tafuta mada hiyohiyo kwenye kitabu cha kidato cha tano cha Kiingereza, au hata cha kidato cha tatu. Soma hicho mpaka mwisho bila kamusi. Maneno ya fani yatakutana nawe mara nyingi katika sentensi rahisi, na ukirudi kwenye sura ya mhadhiri utakuta vigingi vimepungua. Pia unaweza kusikiliza mada kwa Kiswahili kwanza, kwa mwenzako au kwenye video, kisha usome Kiingereza. Mhasibu husoma taarifa ya fedha kwa kasi kwa sababu anajua kinachofuata; mpe hukumu ya kesi ya ardhi uone atakavyotambaa.

Pembeni ya hapo weka mazoezi ya kasi yenyewe, lakini kwa maandishi mepesi. Nation ametoa bure mtandaoni vifungu vifupi vya aina hii: maneno kama 550 kila kimoja, vimeandikwa kwa maneno ya kawaida sana ya Kiingereza, na kila kimoja kina maswali 10. Unasoma ukitega saa, unajibu bila kurudi kwenye kifungu, unachora kasi yako kwenye grafu. Ukipata majibu 7 au 8 sahihi, kesho ongeza mwendo kidogo. Ukipata yote 10 kila siku, unasoma polepole mno. Ukishuka hadi 5, umekimbia. Ni zoezi la dakika kumi, na linagusa kasi na uelewa kwa pamoja, kitu ambacho programu za simu zinakwepa.

Vitabu vyenyewe si lazima vinunuliwe vipya. Ipo Maktaba ya Mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, zipo maktaba za vyuo, na vitabu vya mitumba hupatikana. Soma unachokipenda, hata kama ni hadithi za mapenzi. Kwa wingi wa kurasa, hadithi inakishinda kitabu cha kiada kwa sababu utaimaliza. Na kwa wanaokwenda Dar mara kwa mara, treni ya umeme iliyofika Dodoma mwaka 2024 imetupa saa tatu na zaidi za kusoma bila kichefuchefu cha basi.

Nani achukue nini

Ofisa mwenye majalada mengi na Kiingereza kisichomsumbua: kuperuzi kwa mpango, kama yule wa ripoti ya ukaguzi, na kalamu mkononi. Kozi anaweza kwenda ikiwa ofisi inalipa, mradi asiitegemee kwa sheria na mikataba.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: vitabu vya kushuka na kupanda pamoja na vifungu vya kutega saa, kuanzia wiki ya kwanza ya semista. Akisubiri wiki mbili kabla ya UE, njia hii haitamfaa, na hapo aperuzi akifuata maswali ya mitihani iliyopita. Pesa ya bumu, ile ya mkopo ya kujikimu, asiipeleke kwenye kozi.

Aliyepita miaka 40 na ghafla kasi imeshuka katika lugha zote: aende kliniki ya macho kwanza. Ukiona unaisogeza karatasi mbali na uso ndipo herufi zitulie, unahitaji miwani ya kusomea, na miwani hiyo inaweza kukurudishia kasi ambayo hakuna mkufunzi atakayekupa.

Na mzazi anayeuliza kwa niaba ya mtoto wa darasa la pili asimtafutie kasi hata kidogo. Mtoto huyo bado anaunganisha silabi, na jicho lake likilazimishwa kukimbia litaanza kubahatisha. Mchagulie kifungu kifupi cha Kiswahili, maneno hamsini mpaka mia hivi, akisome kwa sauti mbele yako, mrekebishe alipokosea, akirudie mara tatu au nne hadi kitiririke, ndipo mgeuze ukurasa. Njia hiyo ya kurudia kifungu ilielezwa na Jay Samuels wa Marekani mwaka 1979 na bado walimu wanaitumia. Haigharimu kitu zaidi ya robo saa ya jioni, televisheni ikiwa imezimwa.